Nimelipia uanachama wa mwaka kwenye gemu la kuwinda, siku kumi sijapata hata mnyama mmoja. Nafeli wapi?

#1 Mwindaji Mpya
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Nacheza theHunter: Classic. Kwa asiyelijua, ni gemu la kuwinda la mtandaoni, limetoka 2009, wenyewe ni Waswidi, Expansive Worlds. Kuingia ni bure, ila ukiingia bure leseni unayopewa ni ya mule deer. Wanyama wengine wanakupitia mbele ya pua na huna ruhusa nao. Siku mbili nikavumilia, ya tatu nikasema potelea mbali, nikalipa. Na sikuchukua muda mfupi wa kujaribia, nikabeba mwaka mzima.

Leo ni siku ya kumi. Kila usiku saa mbili mpaka tatu. Niliowaangusha: sifuri. Ninachoona ni migongo inaishia vichakani. Juzi nimemkuta mmoja yuko mita kama mia mbili, nimelenga vizuri, kabla sijavuta akaondoka kama kaitwa kwao.

Sasa naomba mnijibu bila kunionea aibu. Huu uanachama una msaada wowote kwenye kupata wanyama, au nimelipia mandhari?

#2 Kasuku
Umelipia mandhari. Karibu chamani.

#3 Bundi Mzee
Pole mkuu. Mimi niko humo tangu enzi za kuanzia kwenye tovuti yao wenyewe, kabla halijaingia Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, 2014, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Uanachama ni leseni. Unakupa ruhusa ya kumpiga huyu na yule, basi. Haumsogezi mnyama kwako hata hatua moja. Wageni wengi wanalipa halafu wanaingia porini kwa mbio, maana wana hamu ya kuona walicholipia. Kule ukikimbia, kila mwenye masikio anajua umefika.

Fanya hivi. Ukitua, usiende popote. Simama dakika mbili. Halafu tembea kwa kuinama hatua kumi na tano, simama tena. Toa ile HunterMate yako, kile kifaa cha mkononi ndani ya gemu, ukikuta unyayo bofya, itakwambia ni wa nani, alikuwa anatembea au anakimbia, na kaelekea wapi. Nyayo za aliyekimbia achana nazo, huyo ulishamtisha wewe mwenyewe na hutamfikia. Fuata za anayetembea. Mimi naweza kukaa saa nzima nikafuata mmoja tu.

Saa nzima mkuu. Kama huna subira hiyo, rudi kwenye mpira.

#4 Goli Kipa
Bundi umesema vizuri ila umemchosha bure. Mleta uzi, kazi ni nyepesi: tafuta maeneo yao ya kunywea maji. Kila aina ina saa yake ya kula, kunywa na kulala, na ukishayagundua yanabaki kwenye ramani na saa zake. Unafika mapema, unajilaza mita mia na hamsini, wanakuja wenyewe kama wamepanga foleni. Usiwaue wengi sehemu moja tu, patajaa alama za zambarau, ukizidisha wanahama kabisa.

#5 Nusu Saa
@Goli Kipa hiyo ni Call of the Wild, ya 2017. Jamaa kasema Classic. Ni ndugu, ila si gemu moja. Kwenye Classic hakuna ratiba za kunywa maji kwenye ramani, unawafuata kwa miguu na masikio.

#6 Goli Kipa
Aah, kweli. Nimesoma "theHunter" nikarukia. Naomba radhi.

Lakini si ndiyo maana nilihama mimi? Call of the Wild haina uanachama. Unanunua mara moja, unapata hifadhi mbili, Hirschfelden na Layton Lake, bunduki yako ya .243 mkononi, maisha yanaanza. Hakuna anayekukumbusha kwamba mwezi umeisha.

#7 Kifaru Jike
Unanunua mara moja halafu? Taja na zile hifadhi zinazouzwa moja moja, na pakiti za bunduki, na hema, na mbwa. Nami ninalo hilo, usinifiche. Uanachama wa Classic angalau unajua unalipia muda. Kule unalipia kwa vipande, ukijumlisha unakaa kimya.

Ila mleta uzi, kuna kitu wengi hawaelezwi. Classic ina hela za aina mbili. Kuna gm$, hizo unazitolea jasho kwa kufanya misheni, na kuna em$, hizo zinatoka mfukoni mwako kweli. Uanachama hauhusiki na bunduki. Ukitaka silaha nzuri ya kumpiga mnyama mkubwa, unakutana na em$ hapo mbele. Kwa hiyo usije ukaanza uzi mwingine wiki ijayo unalia.

Na ushauri wa bure: angalia kama malipo yako yanajirudia yenyewe. Kuna gemu moja la wanyama pia, jina nalihifadhi, nililipia mwezi mmoja nikalichoka baada ya siku nne. Nikalifuta kwenye kompyuta nikajua nimemaliza. Miezi mitano baadaye napitia taarifa ya akaunti nakuta wanakata kila tarehe 9 kama nina mkataba nao wa ndoa. Kulifuta gemu si kufuta malipo. Kosa lilikuwa langu, lile boksi dogo la kujirudia nililiacha limewekwa alama. Lakini lilikuwa dogo kweli.

#8 Msomaji Kimya
Huwa sichangii ila leo nimeshindwa. Mimi naamini magemu ya hivi yamepangwa. Ukiwa hujalipa unaonjeshwa wanyama kwa karibu ili upate hamu. Ukishalipa, wanakwenda mbali ili ukae muda mrefu. Sina ushahidi. Ila mleta uzi mwenyewe kasema, alipokuwa bure "wanampitia mbele ya pua", alipolipa anaona migongo. Someni tena namba 1.

#9 Kasuku
Dah. Namba 8 kaingia kimya, katoka na bomu.

#10 Bundi Mzee
@Msomaji Kimya, ukiwa huna leseni ya mnyama humfukuzi, kwa hiyo unatulia, unatembea zako polepole, anapita. Ukishapata leseni unamkimbilia. Mnyama ni yuleyule, aliyebadilika ni wewe.

Miezi minne ya mwanzo mimi sikulipa senti. Nilikaa kwenye hifadhi ya Whitehart Island na mule deer peke yake mpaka nikawa najua mlio wao wa tahadhari usingizini. Nilipokuja kulipa, nilipata aina mpya tatu wiki ya kwanza. Ndiyo maana huwa nasema usilipe mapema. Mule deer ni shule.

#11 Msomaji Kimya
Hilo la kubadilika mimi nimelisikia. Sijalikubali, ila nimelisikia.

#12 Kasuku
Naomba kuuliza kitu cha kijinga. Mule si nyumbu? Kwa hiyo mnawinda nyumbu wale wa kuvuka mto?

#13 Nusu Saa
Hapana bwana. Nyumbu kwa Kiswahili ni wawili. Yuko wa porini, mwenye ndevu na pembe, na yuko mtoto wa punda dume na farasi jike. Mule ni huyo wa pili. Mule deer ni kulungu wa magharibi ya Amerika Kaskazini, wamempa jina hilo kwa sababu ya masikio, ni makubwa kama ya huyo nyumbu wa pili.

#14 Kifaru Jike
Huyo wa pili anaitwa baghala. Tungekuwa tunatumia maneno yetu, Kasuku asingepata shida.

#15 Kasuku
Baghala. Kwa hiyo mleta uzi ana siku kumi anatoroshwa na kulungu baghala. Endeleeni.

#16 Mama Wawili
Mnamcheka mwenzenu na hakuna hata mmoja aliyemuuliza upepo.

Mimi ni wa Call of the Wild, lakini hili ni la kote. Harufu yako inatangulia. Kwetu kwenye ramani unaiona kabisa, inatoka kwako kama koni na kwenda upepo unakokwenda, ukimwelekezea mnyama umeshamaliza. Jumamosi nilikuwa Hirschfelden, alfajiri ya ndani ya gemu, nimemwona paa dume ukingoni mwa shamba. Roe deer, mdogo tu. Nilikuwa mita mia na ishirini. Ningeweza kupiga nikiwa nimesimama, ila mapigo ya moyo yalikuwa juu, nilikuwa nimetoka kupanda kilima, na darubini inacheza. Nikalala chini. Nyasi zikaniziba, simwoni tena. Nikasota kushoto mpaka kwenye mstari wa trekta, na hapo upepo ukageuka.

Sikutania, niliona ile koni inazunguka taratibu kama mkono wa saa. Paa kainua kichwa, majani yakimning'inia mdomoni, katazama kule niliko. Mimi sijapumua, na mimi niko kwenye kiti, nyumbani, mbele ya kioo! Akashusha kichwa. Akakiinua tena ghafla, hiyo ndiyo wanayotegea ukishasogea. Akashusha. Ndipo nikapiga, nyuma kidogo ya bega, katikati ya mwili. Mapafu yote mawili. Alikimbia hatua kama ishirini akakunja magoti.

Nikaangalia saa. Dakika thelathini na tano kwa mnyama mmoja wa nyara ya fedha, hata ya dhahabu hakufika. Sijutii.

#17 Mwindaji Mpya
Asante Mama Wawili, nimesoma mara mbili. Na Bundi pia. Ila Classic yangu sioni koni yoyote.

#18 Bundi Mzee
Haichorwi hivyo kwetu. Lakini dukani wanauza kitu cha kufuta harufu. Unadhani ni manukato ya kwendea matembezi?

#19 Goli Kipa
Wanauza kwa sababu watu wananunua. Hiyo si hoja.

#20 Tai
Mimi ninawashangaa na upepo wenu. Jamaa kasema mita mia mbili, kalenga vizuri, na naamini kasimama wazi. Huyo kaonekana. Kulungu wa kweli macho yake hayaoni nyekundu na chungwa kama sisi, lakini buluu anaiona vizuri, na kitu kinachosogea anakiona mbali sana. Kwa hiyo nguo za chungwa za wawindaji kwake ni kama za kijivu, ila ukipunga mkono umekwisha. Nadhani jamaa kasimama kama nguzo juu ya kilima. Anaonekana umbo lake lote angani. Lala chini, au simama nyuma ya mti.

#21 Nusu Saa
Hayo ya macho ni ya kulungu wa kweli. Gemu si lazima lifuate.

#22 Tai
Sawa, lakini umbo la mtu juu ya kilima lina maana kwenye magemu yote niliyowahi kucheza, hata ya vita.

#23 Ndege Mbaya
Nimechelewa. Naomba kuuliza, .243 maana yake nini? Ni namba ya toleo?

#24 Tai
Kipenyo cha risasi kwa inchi. Sehemu 243 za elfu, kama milimita 6.2. Ile .243 Winchester ilitoka 1955, ni risasi ndogo na ya kasi, haitetemeshi bega sana, ndiyo maana kila gemu linawapa wageni. Inatoka kwa kasi kama mita 900 kwa sekunde na sauti inakwenda kama 340. Ukipiga vizuri, mnyama anaanguka kabla hajausikia mlio.

#25 Ndege Mbaya
Asante. Kwa hiyo nikimpiga moose nayo? Yule mwenye pembe kama sinia.

#26 Goli Kipa
Usithubutu. Kwenye Call of the Wild .243 ni ya daraja la 2 mpaka 6, moose yuko la 8. Unaweza kumuua ukibahatika, ila alama za uadilifu zinakatwa kwa kutumia silaha isiyomfaa, na nyara inashuka. Mimi nilimtwanga mmoja risasi nne, nikamfuata kilomita nzima, nilipofika nikapewa alama za huruma. Angekuwa nyara ya almasi yule. Mpaka leo nikikumbuka zile pembe napata uchungu.

#27 Kasuku
Goli Kipa, almasi hiyo ni kamba. Kila aliyekosa huwa amekosa almasi.

#28 Goli Kipa
Picha ninayo!

#29 Kasuku
Leta. Uzi bila picha ni hadithi.

#30 Fundi Kompyuta
Nimepitia uzi wote toka juu. Kuna jambo linanisumbua. Mleta uzi kaandika aya nne namba 1, kaeleza alichoona, hajaeleza alichosikia. Hata mlio mmoja. Hata tawi kukatika. Siku kumi porini hujasikia mnyama akilia? Hedifoni unavaa?

#31 Mwindaji Mpya
Hapana, sauti ya gemu nimeizima. Nacheza usiku mtoto akiwa amelala chumba hichohicho, kwa hiyo nazima sauti ya kompyuta, naweka muziki kwa chini kwenye simu. Kwani ina shida?

#32 Kasuku
😂😂😂 Nimekaa chini.

#33 Bundi Mzee
Mwanangu.

#34 Kifaru Jike
Jamani. Kalipia mwaka mzima anawinda kiziwi.

#35 Bundi Mzee
Sikiliza sasa, na hili neno nalitumia kwa makusudi. Wanyama wa kule wanaita. Wakiita, unaelekeza HunterMate unabofya, inakuonyesha upande na aina ya mlio, wa kuita jike au wa tahadhari. Ukiusikia wa tahadhari, unajua umeshagundulika, unalala unasubiri. Wewe siku kumi wamekuwa wakikupigia kelele "tumekuona" na wewe unasikiliza muziki. Nunua hedifoni yoyote ile, hata ya waya, leo hii.

#36 Mama Wawili
Msimcheke kwa mtoto, na mimi ndivyo ninavyocheza, ila navaa sikio moja, lingine namwachia mtoto.

#37 Tai
Nakubali sauti ni nusu ya gemu. Lakini haielezi yule wa mita mia mbili. Huyo alimwona kwa macho, alikuwa amelenga, hakuhitaji kusikia lolote. Aliondoka kwa nini? Bado nasema ni kusimama wazi.

#38 Mama Wawili
Upepo.

#39 Fundi Kompyuta
Au alishatishwa kabla. Kwa mbio za namba 3. Alikuwa anaondoka tayari, jamaa akamkuta amepumzika katikati ya safari.

#40 Msomaji Kimya
Au alilipa.

#41 Nusu Saa
Haha, namba 40. Ila kweli, Msomaji, kama gemu lingekuwa limepangwa hivyo, Bundi angepata vipi aina tatu wiki ya kwanza baada ya kulipa?

#42 Msomaji Kimya
Bundi ana miaka mingi humo. Wazee wanatunzwa.

#43 Bundi Mzee
Natunzwa na nani? Nimekaa jana saa mbili na robo usiku mpaka saa nne nimepata sungura.

#44 Mwindaji Mpya
Wakuu nimerudi. Mrejesho.

Nimeazima hedifoni ya shemeji. Nimeingia, nimesimama dakika mbili kama Bundi alivyoagiza. Dakika ya kwanza tu nimesikia mlio kulia kwangu, nikashtuka, nikageuka na kichwa changu mwenyewe kuangalia mlango wa chumba. Aisee lile pori lina kelele! Ndege, upepo, hatua zangu zinalia kwenye majani kama natafuna biskuti. Nilikuwa sijui natoa kelele zote zile.

Nimebofya mlio, mule deer, kaskazini. Nimeinama njia nzima. Dakika ishirini na tano. Nimemkuta amesimama kando ya gogo, masikio yale ya baghala yanazunguka. Nimelala, nimelenga nyuma ya bega, nimepiga. Akaruka juu miguu yote minne kwa pamoja, kama ana springi, akaingia msituni.

Nimeikuta damu! Mara ya kwanza kuona damu kwenye gemu hili. Nimefuata matone kama sita hivi, halafu mtoto akaamka, nikafunga nikaenda kumbembeleza. Sasa kalala. Nikirudi naendelea kumfuata kutoka pale pale?

#45 Bundi Mzee
Umefunga gemu?

#46 Mwindaji Mpya
Ndiyo.

#47 Kasuku
Mungu wangu.

#48 Bundi Mzee
Ukifunga, uwindaji ule umekwisha. Mnyama mpaka umfikie umthibitishe na HunterMate ndipo anahesabiwa wako. Yule hayupo tena.

#49 Kifaru Jike
Kwa hiyo hesabu bado sifuri.

#50 Tai
Ila mmeona? Amelala chini, mnyama hakukimbia. Nilisema.

#51 Mama Wawili
Kaenda kaskazini. Upepo ulikuwa unatoka wapi? Hakuna aliyeuliza tena.

#52 Fundi Kompyuta
Alivaa hedifoni, akalala chini, akaacha kukimbia, vyote usiku mmoja. Hatutajua ni kipi.

#53 Nusu Saa
Hiyo ya kuruka miguu minne kwa pamoja ni ya mule deer kweli, hata porini ndivyo wanavyokimbia. Wawindaji wanasema wakifika mbali kidogo wana tabia ya kusimama na kugeuka kukutazama. Ukimkosa wa kwanza usinyanyuke haraka.

#54 Ndege Mbaya
Mimi nimeshapakua. Sijalipa. Niko na baghala wangu mbele ya pua hapa, anakula, na sijui kitufe cha kulala chini ni kipi. Haraka jamani.

#55 Kasuku
Zima muziki kwanza.